Darasa zima limeandika "I enjoy to play": nianzie wapi upya?

Swali: Nafundisha Kiingereza Kidato cha Pili katika shule ya kata. Jerandi, yaani kitenzi chenye "-ing" kinachotumika kama nomino, nimeifundisha wiki mbili. Niliwapa orodha ya vitenzi thelathini vinavyofuatwa na "-ing", wakakariri, na jaribio wakalifaulu vizuri. Wiki iliyofuata nikawapa insha, karibu darasa zima likaandika "I enjoy to play football". Halafu kijana mmoja akaniuliza: "Mwalimu, ulisema baada ya 'to' kitenzi hakibadiliki. Mbona barua ya mfano inaishia 'I look forward to hearing from you'?" Nikamjibu kwamba ndivyo Waingereza wanavyosema. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Nianzie wapi? Na je, ni vibaya nikiwafafanulia kwa Kiswahili?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, pole na kazi, na hiyo orodha usiichane kwa hasira. Yangu ilikuwa na vitenzi arobaini. Niliiandika kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya manila, nikaibandika juu ya ubao, na darasa likaiimba kama ngonjera. Siku ya jaribio niliibandua, wakanipa alama za kujivunia. Ijumaa ya wiki hiyohiyo binti mmoja kati ya walioongoza akaniletea barua ya kuomba radhi, mstari wa kwanza umeandikwa "I am sorry for to be absent". Nikaikodolea macho orodha yangu. Haikuwa na "for". Ilikuwa na vitenzi vitupu, na kosa la binti yule halikuhusu kitenzi chochote nilichomkaririsha.

Kosa liko kwenye "ku-". Tazama tunavyosema: nataka kucheza, nafurahia kucheza, nimemaliza kucheza, nimechoka kucheza, kucheza kunachosha. Sentensi tano, umbo ni lilelile. Mwingereza hapo ana maumbo mawili. Atasema "I want to play", lakini zile nne nyingine ni "I enjoy playing", "I have finished playing", "I am tired of playing" na "Playing is tiring". Sasa mwanafunzi wako tangu shule ya msingi ameshaambiwa kwamba kula ni "to eat", kulala ni "to sleep", kucheza ni "to play". Kila "ku-" inapopita kichwani, mkono unaandika "to". Somo lako hakulisahau. Analitii somo lililotangulia, alilolishika akiwa mdogo.

Na lipo jingine linalomvuta upande wa pili. Alipofundishwa wakati uliopo unaoendelea aliambiwa "She is reading" ni anasoma, "They are eating" ni wanakula. Akaondoka na hesabu yake: "-ing" ni "-na-". Ndiyo maana katika madaftari utakuta vitu kama "I am enjoy playing", au mtoto anasoma "Smoking is dangerous" na kukutafsiria kwamba kuna mtu anavuta sigara na ni hatari. Kabla ya kumpa orodha yoyote, hayo mawili inabidi uyafumue.

Namna nyepesi niliyoiona ya kuyafumua ni kuwapeleka mtaani, hata kama ni kwa mawazo tu. Waulize kibao cha steshenari iliyo karibu na shule kimeandikwa nini. Watakutajia bila kufikiri: "Typing, Printing, Scanning, Binding", pengine na "Photocopy" na "Lamination". Mtoto anayesema "nataka bainding ya buku" hajawahi kudhani kwamba bainding ni mtu anayejalidi sasa hivi. Anajua ni jina la kazi. Fundi umeme kaandika "Wiring" mlangoni, mwenzake "Welding". Hizo zote zenye "-ing" ni jerandi, nao wamekuwa wakizitumia miaka yote bila mwalimu. Andika ubaoni "Printing is cheap here" na pembeni yake "She is printing a letter", kisha waambie waondoe "printing" na kuweka "it". "It is cheap here" inakaa sawa. "She is it a letter" italichekesha darasa. Kicheko hicho kinabaki kichwani muda mrefu kuliko maana yoyote ya kitaalamu.

Halafu wape habari njema, kwamba Kiswahili chao kinawasaidia kuliko wanavyodhani. Kitenzijina chetu, yaani kitenzi chenye "ku-" kama kula au kucheza, ni nomino kamili, na kina upatanisho wake. Hakuna mtoto wa Kitanzania atakayesema "kula maembe yananenepesha". Atasema kunanenepesha, kwa sababu anajua sentensi inatawaliwa na kula, na maembe yapo tu kama kinacholiwa. Mtoto huyohuyo ataandika "Eating mangoes make you fat", kwa kuwa "mangoes" imekaa jirani na kitenzi na kumdanganya. Mkumbushe kunanenepesha, naye ataandika "makes" mwenyewe. Vivyo hivyo, sipendi kuchelewa kwake ni "I don't like his coming late". Lile "kwake" ndilo "his". Kwenye mazungumzo utasikia wengi wakisema "him coming late", na si dhambi, ila kwenye mtihani mfundishe "his". Aliadhibiwa kwa kutofanya kazi ni "He was punished for not doing the work", na nafasi ya "-to-" iliyomo katika kutofanya inachukuliwa na "not", si "don't". Kupigwa ni "being beaten": nachukia kupigwa, "I hate being beaten". Kwa kila pindo la kitenzijina chetu wao wana pindo lao, na ukilipanga somo hivi utaona darasa linakukimbilia.

Kuna moja ninayoipenda zaidi na sioni walimu wengi wakiitumia. Chukua "drinking water" na "running water". Zote zina "-ing" mbele ya "water", na mwanafunzi anayeamini "-ing" ni "-na-" atakwama, maana hakuna maji yanayokunywa. Sasa zitafsiri. Ya kwanza ni maji ya kunywa, ya pili ni maji yanayotiririka. Palipo na "-a ku-" kwa Kiswahili, ile ni jerandi. Palipo na "yanayo-", "anaye-" au mwenzao, ni kivumishi kilichotokana na kitenzi. "A sleeping bag" ni mfuko wa kulalia, "a sleeping child" ni mtoto anayelala. "A washing machine" ni mashine ya kufulia. Waambie walete mifano yao na utashangaa: "dining room", "sewing machine", "frying pan". Chumba cha kulia, mashine ya kushonea, kikaangio cha kukaangia. Ile "-ia" yetu ya chombo inapatana pia na "for": kisu cha kukatia nyama, "a knife for cutting meat". Kipindi kizima kinaweza kuishia hapo na kikawa kipindi kizuri.

Baada ya hapo, mahali pa kuanzia ni vihusishi. Orodha ya vitenzi iweke kabatini kwanza. Vitenzi vina ukorofi, kila kimoja na tabia yake, lakini vihusishi vina nidhamu: kitenzi kikija baada ya "before", "after", "without", "by", "instead of", "for", "of", "in", "at" na ndugu zao, kinavaa "-ing". Zipo "but" na "except" zenye mambo yao, ila hazitakusumbua Kidato cha Pili. Na kwetu mambo haya yamekwisha pangwa: kabla ya kula, baada ya kula, bila kula, badala ya kula, kwa kula. Yote "ku-", na hapa "ku-" si "to" hata mara moja. Mimi hutumia ugali, kwa sababu hakuna asiyejua kuusonga na kila mtu ana ubishi wake. Ubaoni naandika mwanzo tu: "Before adding the flour..." nao wanamalizia. "Boil the water." Kisha "You cannot cook ugali without..." Darasa linalipuka: "stirring!" Siku moja kijana wa nyuma alisema "without to stir", na kabla sijafungua mdomo msichana wa mbele akamgeukia: "bila kukoroga, si ili ukoroge". Hakuna sheria niliyowahi kuitunga iliyolifikia hilo neno lake.

Lile "ili" ulishike, maana kuna kosa litakalokuja baada ya somo hili. Wakishaonja "for" na "-ing" wataipaka kila mahali: "I went to the market for buying tomatoes". Hapo kuna nia, na nia kwa Kiingereza inabaki na "to": "I went to the market to buy tomatoes". Kama Kiswahili kinakubali "ili ninunue", andika "to". Kama ni matumizi ya chombo, kisu cha kukatia, andika "for cutting".

Sasa huyo kijana wako wa barua. Kauliza swali zuri na anastahili jibu lake. "To" ni maneno mawili yanayofanana sura. Moja ni ile inayotangulia kitenzi, "to play". Nyingine ni kihusishi cha kawaida, kama katika "I am going to Dodoma". Kuitambua, jaribu kuweka nomino baada yake. "I look forward to the wedding": imekaa. Basi hiyo ni kihusishi, na sheria ya vihusishi inafanya kazi, "I look forward to hearing from you". Jaribu sasa kwenye "want". "I want to the wedding" haiwezekani, kwa hiyo "to" ile ni ya kitenzi, "I want to hear". Jaribio hilo halichukui nusu dakika, na atalitumia hadi siku atakapoandika barua ya kuomba kazi.

Na hapo usimwache bila "used to", kwa sababu ndipo hata sisi walimu tunapoteleza. "I used to wake up early" ni zamani nilikuwa nikiamka mapema, na huenda sasa nalala hadi saa tatu. "I am used to waking up early" ni nimezoea kuamka mapema. Kwenye ya pili weka nomino: "I am used to the cold". Imekubali, kwa hiyo "waking". Kiswahili kimezitenga kabisa, "nilikuwa niki-" huku na "nimezoea" kule, kwa hiyo mwanafunzi akianzia kwenye maana ya Kiswahili hawezi kuzichanganya. Huzichanganya akianzia kwenye sauti ya Kiingereza.

Ndipo tufike kwenye vitenzi vyenyewe. Thelathini ni vingi mno. Kidato cha Pili nipe vinane: "enjoy", "finish", "avoid", "keep", "stop", "mind", "practise", "suggest". Na visiandikwe vikiwa peke yake. Neno "enjoy" likikaa pweke daftarini halina kinachomkumbusha mtoto kitu. Andika "enjoy playing", "finish eating", "keep talking", ziingie kichwani zikiwa pacha, kama tunavyosema "piga pasi" bila kujiuliza pasi inapigwaje. "Suggest" ina njia ya mkato: sisi husema alipendekeza twende, na Mwingereza naye anakubali "He suggested that we go". Anayeogopa "suggested going" apite huko salama. Asichoruhusiwa ni "He suggested us to go".

Watakuuliza kama kuna sababu. Ipo ya kuegemea, ingawa haibebi uzito wote. "To" ya kitenzi kihistoria ilitokana na kihusishi kilekile cha kuelekea, na bado ina harufu ya mbele: "want", "hope", "plan", "decide", "promise" zote zinatazama jambo ambalo halijatokea. "-ing" mara nyingi inalishika jambo lililopo au lililokwisha kuwapo: "enjoy", "finish", "keep", "admit", "deny". Mtoto akikwama, dira hiyo itampa nafasi nzuri kuliko kubahatisha. Ila mwambie mapema kwamba "avoid", "suggest" na "postpone" zinatazama mbele na bado zinataka "-ing", asije akakuona mwongo.

Dira hiyo inang'aa zaidi kwenye "stop", "remember" na "forget". Kwa "stop" huwa namwita kijana mbele awe dereva wa bodaboda. Anaendesha kiti chake, namwambia "Stop to buy a soda". Anafunga breki, ananyoosha mkono dukani. Kisha namwambia, "Now stop buying sodas". Anabaki na mkono hewani, hajui afanye nini, wenzake wanamfokea "acha kununua!" Kiswahili kimetenga: alisimama anunue soda, aliacha kununua soda. Kwa "remember", kumbuka kufunga mlango ni "Remember to lock the door", na nakumbuka nilifunga mlango ni "I remember locking the door". Ona ajabu yake: hapa "ku-" ndiyo "to" kweli, na "-ing" imeangukia kwenye "nili-". Nilisahau kuleta daftari, "I forgot to bring my exercise book". Sitasahau nilivyoiona bahari mara ya kwanza, "I will never forget seeing the sea for the first time". "Try" na "regret" ziache mpaka Kidato cha Nne. "Begin", "start" na "continue" hukubali yote mawili bila kubadili maana, usipoteze chaki. "Like" nayo vilevile kwa kiwango chao, ila "would like" ni "to" peke yake.

Nikuchomekee hili la pembeni, litakusaidia usiwakasirikie. Katika Kiingereza cha kale nomino ya kitenzi iliishia na "-ung" au "-ing", na umbo la anayetenda liliishia na "-ende". Yalikuwa mawili, yakitofautiana kwa macho na kwa sikio. Karne zilivyopita yakamezana na kuwa "-ing" moja. Leo hata wanasarufi wa Kiingereza hawakubaliani kama inafaa kuyatenga: Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 2002, waliyaweka pamoja chini ya jina moja. Kwa hiyo mtoto anayechanganya "reading" mbili hachanganyi kwa ujinga. Amefika wakati mipaka imeshafutika.

Kuhusu Kiswahili darasani: tumia. Najua shule nyingi zina kibao cha "Speak English" getini na mkaguzi akiingia mtu anabadilisha lugha katikati ya sentensi. Lakini kosa hili limetoka kwenye Kiswahili, na huwezi kulitoa bila kulionyesha lilipo. Dakika tano za kulinganisha kucheza na "playing" zinakuokolea wiki. Ninachokataa ni kipindi kizima cha tafsiri, ambapo mwanafunzi anatoka anajua kuieleza jerandi kwa Kiswahili fasaha na hajatamka sentensi hata moja ya Kiingereza. Linganisha, kisha funga mlango huo na waseme.

Jaribio nalo libadilishe. Ulilowapa lilipima kama wanaikumbuka orodha, na waliikumbuka. Mabano ya kujaza siku ileile ya somo hayakuambii kitu, kwa sababu kila jibu ni "-ing" na mtoto ameshalinusa. Changanya "want", "enjoy", "before" na "hope" kwenye maswali yaleyale, na uyalete wiki tatu baadaye bila taarifa. Zaidi ya hapo, chukua insha zao, nakili sentensi sita zenye makosa bila majina, ziandike ubaoni Jumatatu asubuhi, uwaulize ni "ku-" gani iliyomdanganya mwandishi. Tahajia isahihishe humohumo inapojitokeza: "swimming" yenye "m" mbili, "writing" iliyopoteza "e", "studying" inayobaki na "y" yake.

Na kijana wa "look forward to", Jumatatu hiyohiyo mrudie mbele ya wenzake, umwambie jibu ulilompa lilikuwa pungufu. Mwonyeshe jaribio la harusi, halafu mpe "object to" na "in addition to" akazijaribu nyumbani. Akirudi na "The villagers objected to moving", mpe chaki awafundishe wengine.